Mipera imefunika shamba letu: je, msitu utarudi?

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi upande wa Isecheno, si mbali na msitu wa Kakamega. Tangu mwaka 2008 tumeacha kulima ekari mbili za marehemu baba kwa sababu ya mvutano wa urithi. Siku hizi ni kichaka cha mipera, na ng'ombe wa majirani huingia wapendavyo. Mwaka jana walikuja vijana wa chuo kikuu wakapima miti, wakatuonyesha kwenye kompyuta mchoro unaosema msitu utakomaa baada ya miaka 120. Mimi nina miaka 67. Mwanangu anataka tufyeke yote tupande mikaratusi, anasema kabla ya miaka minane kwisha tutakuwa tunauza nguzo. Jirani naye anasema mpera ni gugu la kigeni linaloua msitu, ung'olewe wote. Kompyuta inajuaje mambo ya miaka 120? Tukiacha tu, msitu utarudi kama ulivyokuwa? Nifanye nini?"

Mulembe, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na naona kinachokukosesha usingizi si mipera wala mikaratusi. Ni ile 120. Mtu wa miaka 67 akiambiwa angoje miaka 120, ni kama ameambiwa akate tamaa. Kwa hiyo nianze na hiyo namba, kisha tuingie kichakani.

Vijana wale hawakukudanganya. Walichokosea, nadhani, ni kukuonyesha jibu la hesabu bila kukuonyesha hesabu yenyewe. Modeli ya msitu, yaani hesabu iliyozaa mchoro ule, haipigi ramli. Inafanana zaidi na daftari la mwenye duka. Akijua leo ana magunia mangapi ya mahindi, kila wiki anauza mangapi na anapokea mangapi, anaweza kukuambia stoo yake itakuwaje Desemba. Hajaiona Desemba. Anachosema ni kwamba mambo yakienda hivi, hesabu itafika hapo. Daraja likibebwa na mafuriko, anachukua kalamu na kuanza upya. Modeli nayo inahesabu miti iliyozaliwa, iliyokua na iliyokufa, kisha inarudia hesabu ile ile mwaka hadi mwaka bila kuchoka. Kompyuta imeletwa kwa sababu ya huko kurudia tu.

Wewe ni mwalimu, basi tuifanye ubaoni. Namba nitakazotumia nimezitunga kwa ajili ya mfano huu; hazikupimwa shambani kwako. Gawa shamba lako katika miraba 100 iliyo sawa. Kila mraba umeshikwa na aina moja kati ya tatu: mipera, miti ya utangulizi, yaani ile inayopenda jua na kukua haraka kama musutsu na mwanzu, au miti ya msitu mkongwe, ile inayoweza kukaa kivulini miaka mingi ikingoja nafasi. Leo una miraba 80 ya mipera na 20 ya utangulizi. Msitu mkongwe hauna hata mmoja.

Sasa weka kanuni ya kila miaka 10. Katika kila miraba 10 ya mipera, saba inabaki mipera na mitatu inachukuliwa na miti ya utangulizi. Katika kila 10 ya utangulizi, sita inabaki ilivyo, mitatu inarithiwa na miti ya msitu mkongwe, na mmoja unarudi kuwa mipera kwa sababu mti ulianguka au ulikatwa. Katika kila 10 ya msitu mkongwe, tisa inabaki, na mmoja unapata pengo baada ya jitu kuanguka, hapo utangulizi unaingia.

Piga hesabu. Baada ya miaka 10 una mipera 58, utangulizi 36, msitu mkongwe 6. Baada ya miaka 20: mipera 44, utangulizi 40, mkongwe 16. Miaka 30: mipera 35, utangulizi 39, mkongwe 26. Ukirudia mara 12, yaani miaka 120, unapata mipera 10, utangulizi 25 na msitu mkongwe 65. Ukiendelea bila kikomo, inatulia karibu na 8, 23 na 69.

Tazama hiyo ya miaka 20. Kwa hesabu hii mipera imekwisha kuwa chini ya nusu ya shamba, ilhali mchoro wa vijana ungekuwa bado unasema "haujakomaa". Kukomaa ni neno la mwisho wa mstari. Maji, kivuli, ndege, kuni na dawa havingoji hadi siku hiyo. Ukiuliza msitu utakamilika lini, jibu litakuvunja moyo; ukiuliza ni lini utatembea chini ya miti isiyo mipera, jibu lina tarakimu mbili.

Kuna jambo la pili katika hesabu hii, na ndilo nataka ulishike. Rudia yote, lakini badilisha kanuni ya utangulizi peke yake: kwa sababu ng'ombe wanakanyaga miche na panga linapita kila msimu, katika kila miraba 20 ya utangulizi mmoja tu ndio unaorithiwa na msitu mkongwe, na saba inarudi kuwa mipera. Mingine yote ibaki kama ilivyokuwa. Safari hii shamba linatulia kwenye mipera 44, utangulizi 37 au 38, na msitu mkongwe 19, na halisogei tena hata ukingoja miaka 500. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule, na msitu wa Kakamega bado uko pale pale ng'ambo. Kilichobadilika ni kwato na panga. Vijana walipokuambia 120, ndani ya namba hiyo walikuwa wameshaamua ng'ombe wa majirani wanafanya nini, hata kama hawakulisema. Wakija tena, hilo ndilo la kuwauliza kwanza.

Mtindo huu wa kuhesabu si mpya. Miaka ya 1970 mwanaekolojia Henry Horn wa Princeton, Marekani, aliingia katika misitu ya huko akahesabu miche iliyoota chini ya kila mti mkubwa, akachukulia kwamba warithi wa mti ule wako kati ya hiyo miche. Kutoka hapo akakadiria msitu wote utaelekea wapi. Urahisi wake ndio uzuri wake, na ndio udhaifu wake pia: unachukulia kwamba kanuni ya leo ndiyo ya kesho, na kwamba mraba haumjui jirani yake. Shambani kwako jirani ana maana kubwa. Mraba unaopakana na msitu unapata mbegu ambazo mraba wa upande wa barabara hauzioni.

Ndiyo maana kuna modeli za aina nyingine, na huenda vijana walitumia mojawapo. Mwaka 1972 Daniel Botkin, James Janak na James Wallis walichapisha modeli waliyoiita JABOWA, iliyotengenezwa kwa ajili ya misitu ya New Hampshire. Hiyo inafuata mti mmoja mmoja katika kipande kidogo cha ardhi. Kila mwaka inauliza: mti huu una kipenyo gani, nani anauzidi urefu, mwanga kiasi gani unaufikia, je, mwaka huu utakufa? Kufa kunaamuliwa kwa bahati nasibu, kama kurusha sarafu, ila sarafu yenyewe imeegemea upande: mti uliodumaa kivulini una hatari kubwa zaidi kuliko ulio juani. Kwa sababu ya hiyo bahati nasibu, hesabu huendeshwa mara nyingi, na mstari unaouona kwenye mchoro kwa kawaida ni wastani wa majaribio mengi. Waombe siku moja wakuonyeshe mistari yote badala ya wastani peke yake. Utaona mingine inafika mapema, mingine imepotelea njiani, na utaelewa kwa nini mtu wa fani hii husita akiulizwa mwaka kamili.

Kinachoendesha yote hayo ni mwanga. Ukisimama katikati ya msitu uliofunga, sehemu zile ambazo hazijaguswa sana, mwanga unaofika ardhini mara nyingi ni asilimia 1 au 2 tu ya ule ulio juu ya dari la majani. Mche wa musutsu hauwezi kuishi hapo. Mche wa mti wa msitu mkongwe unaweza, lakini kwa shida: unakaa na majani yake machache, miaka inapita, unaongeza unene kidogo mno. Kisha siku ya upepo mti mkubwa unaanguka, jua linamwagika ndani, na ule mche uliodhaniwa kilema unaondoka mbio. Msitu mzima ni mkusanyiko wa mapengo ya umri tofauti. Hapa jipya, pale la miaka 15, kule lililofungwa zamani hata hakuna anayelikumbuka.

Na kuna uvumilivu wa hesabu ya vifo. Miti ikifa kwa asilimia 2 kwa mwaka, inachukua kama miaka 34 hadi nusu ya ile iliyopo leo iwe imeondoka. Ikiwa ni asilimia 1, ni kama miaka 69. Ndiyo maana tarakimu zetu ni ndefu. Hakuna mradi wa kuharakisha kifo cha mzee ili kijana arithi, ingawa kuna watu hujaribu, na msumeno.

Sasa nikusahihishe mahali pawili, Mwalimu, na ninakusahihisha kwa heshima.

Umeuliza kama msitu utarudi "kama ulivyokuwa". Swali hilo limewagombanisha wasomi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1916 Mmarekani Frederic Clements aliandika kwamba jamii ya mimea ni kama kiumbe kimoja: huzaliwa, hukua, hukomaa, na ukiijeruhi hurudi kwenye umbo lake lile lile. Miaka 10 baadaye, 1926, Henry Gleason akapinga: kila spishi inajitafutia, na kinachokutana mahali pamoja hutegemea mbegu gani imefika na mazingira gani imeyakuta. Walio wengi katika fani leo wako karibu zaidi na Gleason. Kwa lugha ya nyumbani, Clements aliuona msitu kama mtoto anayekua, Gleason akauona kama soko la Khayega: kila siku ya soko linakusanyika, lina sura ya soko, lakini si watu wale wale na si meza zile zile.

Na hata huo msitu unaouita "ulivyokuwa" ni upi? Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya aina ya Kongo na Guinea, ndiyo maana una miti ambayo hutaikuta kwingine kokote Kenya. Lakini haukuwahi kulala bila kuguswa. Dhahabu ilivuta wachimbaji miaka ya 1930, msitu ukatangazwa rasmi mwaka 1933, wapasuaji mbao wakavuna miti bora kwa miongo, sehemu zikapandwa misonobari na miti ya kigeni. Hifadhi ya taifa ya upande wa kaskazini, kule Buyangu, ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka uliofuata ikaundwa shirika la Nyayo Tea Zones lililopanda majani chai pembezoni mwa misitu. Ukitembea pale Isecheno leo, mengi unayoyaona ni msitu ulio katikati ya kupona. Kwa hiyo ekari mbili zako hazirudi nyuma kwenye picha ya zamani. Zinaelekea kwenye msitu mwingine, ambao utafanana sana na ule au kidogo tu, kulingana na mbegu zitakazofika.

La pili ni la jirani yako. Ni kweli mpera ni mgeni, asili yake ni Amerika ya kitropiki. Ni kweli pia unaweza kufunga ardhi ukawa ukuta. Lakini neno "unaua msitu" halifai shamba lililo karibu na msitu. Utafiti uliofanywa mashambani kando ya Kakamega na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta kinyume: chini ya mipera iliyosimama mashambani kulikuwa na miche ya miti ya msitu, ikiwemo ile ya msitu mkongwe. Sababu yake unaijua hata kama hukuwahi kuiandika. Mapera yakiiva, ndege wanakuja, kima wanakuja, popo wanakuja usiku. Wametoka msituni na tumbo lina mbegu. Wanakaa tawini, wanakula, na wanaacha walichokuja nacho. Mpera unawalipa nauli, wao wanashusha mzigo.

Ugeni wenyewe ni suala la mahali. Mutere wetu, ambao wanasayansi huuita Maesopsis eminii, hapa ni mwenyeji kabisa. Ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ulisambaa msituni kiasi cha kuwasumbua wahifadhi, na hondohondo ndio waliokuwa wakiubeba. Mti ni ule ule na ndege ni wa jamii ile ile.

Kuhusu kung'oa yote, jirani yako hajawahi kufyeka mipera au amesahau. Mpera ukikatwa huchipua kutoka kisikini, na mizizi nayo hutoa machipukizi. Ukifyeka ekari mbili kwa mkupuo, baada ya misimu michache utakuwa na mipera mingi midogo iliyobanana kuliko ile mikubwa michache uliyokuwa nayo, na miche yote iliyokuwa chini itakuwa imekwenda na panga. Ng'ombe nao wanapenda mapera, na mbegu hutoka kwenye samadi zikiwa nzima, tayari kuota. Mtu analisha, anafyeka, analalamika, na kila hatua inaongeza mipera.

Basi kabla ya kuamua lolote, nakuomba ufanye kitu ambacho hakihitaji kompyuta. Ingoje Januari, udongo ukiwa mkavu. Chukua kamba ya mita mbili, daftari, kalamu ya risasi, na mjukuu mwenye macho mazuri. Ingia kwa mstari ulionyooka, na kila baada ya hatua 10 simama kwenye mpera ulio karibu zaidi, mpaka ufikishe mipera 20. Usichague mizuri. Funga kamba kwenye shina, zunguka nayo, na ndani ya duara hilo hesabu kila mche ambao si mpera. Andika jina lake kwa Kiluhya. Majina ya mama yanatosha. Uweke katika moja ya safu tatu: chini ya goti, kati ya goti na kifua, juu ya kifua.

Itabidi upige magoti. Wa kwanza utakaouona pengine ni musutsu, jani kama moyo, na yale yanayozeeka yamegeuka rangi ya machungwa yakiwa bado mtini. Vunja jani la mutondo, utatoka utomvu mweupe kama maziwa; huo haukuletwa na ndege, mbegu zake zina manyoya laini na huja na upepo. Shikuma utaujua kwa kukuchoma. Ukiona kikundi cha miche ya aina moja imebanana mahali pamoja, tazama juu: kuna tawi la kukalia.

Kuwa makini na majina, na hapa nikuambie aibu yangu. Zamani kidogo nilikuwa nikirudia kupima kiwanja ambacho kilikuwa kimepimwa miaka mitano kabla. Modeli ikatoa matokeo ya ajabu: musine unakufa ovyo na musutsu unaota ukiwa tayari mnene kama paja. Nilipoteza wiki mbili nikitafuta ugonjwa wa miti. Haukuwepo. Mwaka wa kwanza karani wangu alichanganya majina hayo mawili, na mimi sikukagua. Kila mti uliosahihishwa jina, kompyuta iliuzika na kuzaa mwingine. Tangu hapo nageuza jani kwanza. La musine upande wa chini ni jeupe kama fedha.

Ukimaliza mipera 20, tazama safu ya juu ya kifua. Kipimo changu cha mkononi ni hiki: kama maduara mengi yana walau mti mmoja wa msitu uliopita kifua, usipande kitu, shamba linajifanyia kazi. Duara moja la kamba hiyo lina karibu mita za mraba 12 na nusu, kwa hiyo mmoja kwa kila duara ni sawa na miti 320 hivi kwa ekari, na hiyo inatosha kabisa kushinda mipera. Kama miche ni mingi chini ya goti lakini juu ya kifua hakuna kitu, mbegu zinafika na kitu kinaziua. Nenda kawatazame ng'ombe. Kama hakuna miche kabisa, hata midogo, hapo ndipo kupanda kuna maana.

Sasa tuzungumze kuhusu kijana wako, maana hoja yake si ya kipuuzi. Mikaratusi inakua haraka, soko la nguzo na fito lipo, na ada za shule hazilipwi kwa miche ya goti. Simlaumu. Lakini mikaratusi hunywa maji mengi, na miongozo ya Kenya inashauri isipandwe kando ya mito, chemchemi na maeneo oevu. Kama shamba lenu lina upande unaoshuka kwenye kijito, upande huo usiguswe. Kama lina upande wa juu ulio kando ya barabara, mkavu, ambako hesabu yako imekuta miche haba, mimi singegombana na mwanangu kwa nusu ekari ya mikaratusi pale. Afadhali nusu ekari kwa makubaliano kuliko ekari mbili kwa hasira siku utakapokuwa haupo.

Ekari moja na nusu inayobaki, anza na ng'ombe. Ua wa miti hai unatosha, au makubaliano na majirani mbele ya mzee wa kijiji, wakatiwe majani badala ya kuingia. Katika mfano wetu wa ubaoni hiyo ndiyo kanuni iliyohamisha 19 ikawa 69, na gharama yake ni maneno zaidi kuliko pesa. Kisha vuna mipera kidogo kidogo kwa kuni, ni kuni nzuri: kata ule ulio juu ya mche uliokwisha kupita kifua, uupe mche jua, na uache mwingine wote usimame kama kituo cha ndege. Machipukizi ya kisiki yavunje kwa mkono kila unapopita. Mwaka unaofuata kata mingine michache.

Pale penye ukame wa miche, panda kwa visiwa, usipange mistari. Miche 10 au 15 pamoja, hatua chache kati yake, halafu kisiwa kingine mbali kidogo. Ndege watajaza katikati. Changanya. Mukumari na mutere zitakupa mbao mapema kiasi, shikuma uko katikati, mwiritsa (Prunus africana) ni wa wajukuu. Mbegu ya mwiritsa haivumilii kukaa ghalani, iotesheni ikiwa mbichi, na usimsikilize dalali yeyote wa magome: biashara ya kimataifa ya mti huo iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995. Pandeni mvua za masika zikishika, Machi au Aprili. Wale wa msitu mkongwe wenye mbegu kubwa, zinazobebwa na hondohondo na wanyama wachache tu, ndio wanaochelewa zaidi kufika wenyewe, kwa hiyo kama una nafasi ya miche 20 tu, iwe ya hao.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua kutoka hapa. Huo mvutano wa urithi umalizwe kwanza, au walau muandikiane. Nimeona mti wa miaka 12 ukikatwa kwa sababu tu ulipandwa na ndugu wa upande mwingine. Kabla ya kukata mti wowote mkubwa wa asili, au kusafirisha mbao na mkaa kwa kuuza, fika kituo cha Huduma ya Misitu, KFS, pale Isecheno. Vibali vinahitajika na faini si mchezo. Ukikuta miti inakauka kuanzia kileleni, au udongo umeshikana hata jembe linaruka, mwite afisa aone kwa macho, usinitumie picha. Kwa miche na mbegu za miti ya asili, KEFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa misitu, wana kituo Maseno, si mbali. Chama cha jamii cha kuhifadhi msitu cha huko kwenu nacho huwa na watu wanaojua vitalu vya kuaminika.

Na wale vijana, waite warudi. Ukishahesabu maduara yako 20 utakuwa na kitu ambacho wao hawana. Waombe wakuwekee kiwanja cha kudumu cha mita 20 kwa 20, kila mti uwe na namba, uzunguke kwa utepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na mzingo ugawanywe kwa 3.14 kupata kipenyo. Kibandiko cha namba kisipigiliwe msumari hadi mwisho, maana mti hunenepa ukakimeza. Kule Barro Colorado, Panama, kuna kiwanja cha hekta 50 kilichoanza kupimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila baada ya miaka mitano hivi hupimwa tena kila mti wenye unene wa sentimita moja au zaidi, zaidi ya 200,000 kwa mara moja. Wewe utakuwa na miti 40 au 60. Wakipima mwaka ujao na tena baada ya miaka mitano, ile 120 itafutwa na kuandikwa nyingine, iliyotoka kwenye miti yako mwenyewe, na wewe utakuwa na miaka 73, bado unapiga magoti, ukimwonyesha mjukuu upande wa chini wa jani la musine.